Milaya: Shuka ya Arusi na Historia ya Mpakani

Katika makala haya mafupi tunaitazama milaya, shuka inayotariziwa maua na ndege kwa mkono, mara nyingi ikafumwa kwa kulabu ukingoni, na kuandaliwa kwa ajili ya arusi. Neno hili la Kiarabu, lenye maana ya shuka, limetufikia kupitia Kiarabu cha Juba, ambacho husikika kando ya Kiswahili katika masoko ya Arua na Koboko.

Wakakwa wa Koboko wana ndugu zao Yei na Kongo. Mpaka wa kikoloni uliwagawa. Baada ya Idi Amin kuangushwa mwaka 1979, watu wengi wa West Nile walikimbilia Sudan na Zaire. Baadaye zamu iligeuka. Vita vya Sudan Kusini vilianza Desemba 2013 na kupamba moto tena Julai 2016. Wakimbizi walivuka kwa maelfu hadi Rhino Camp na Bidi Bidi, iliyofunguliwa Yumbe Agosti 2016.

Wako wanawake waliofungia mizigo yao ndani ya milaya. Kambini, zawadi ya bibi arusi ikawa pia bidhaa ya kununulia chakula. Hapo ndipo penye uchungu: kilichoshonwa kwa heshima kikauzwa kwa shida.

Tunawahimiza wanafunzi wetu wa West Nile wawaulize mama na nyanya zao majina ya mishono na maua hayo, wayaandike. Shuka huchakaa, neno lisiloandikwa hufuata.