Samaki wa Maji ya Majivu

Sisi sote twajua makayabu, samaki wa chumvi anayeletwa kutoka ng'ambo. Leo tuongee habari za ndugu yake, samaki asiyetiwa chumvi hata kidogo, na za watu waliovuka bahari pamoja naye.

Kaskazini ya Ulaya iko nchi ya Norwe. Milima na mawe ni mengi huko, mashamba ni haba. Tena kwa desturi ya zamani shamba lilikuwa la mtoto wa kwanza. Wadogo zake wafanye nini? Tarehe 4 Julai 1825 merikebu ndogo ya matanga, jina lake Restauration, ilitoka bandari ya Stavanger na watu 52. Ilifika New York tarehe 9 Oktoba na watu 53, maana mtoto alizaliwa njiani. Wakubwa wa bandari waliikamata, kwa kuwa sheria ilikataza chombo kidogo vile kupakia watu wengi vile. Ikawa rais John Quincy Adams mwenyewe kuwasamehe faini. Katika miaka mia iliyofuata, Wanorwe wapata 800,000 walivuka. Pimeni wenyewe: mwaka 1801 nchi yao nzima ilikuwa na watu karibu 883,000 tu. Na Waswidi, jirani zao, walivuka zaidi ya milioni moja.

Wengi walishika njia ya Wisconsin, Iowa, Minnesota na Dakota. Kwa sheria ya mwaka 1862, mtu aliyekaa na kulima miaka mitano alipewa eka 160 za ardhi. Lakini ardhi ile haikuwa pori lisilo na mwenyewe. Mwaka ule ule Wadakota wa Minnesota, wakiwa na njaa kwa sababu malipo ya ardhi yao yalicheleweshwa, waliwashambulia wageni. Mamia walikufa, na kati yao Wanorwe na Waswidi pia. Tarehe 26 Desemba Wadakota 38 walinyongwa pamoja mjini Mankato, kisha kabila lao likafukuzwa. Wanaosimulia habari za wazee waliohamia hupita mahali hapo mbio mbio. Mimi naona si haki.

Sasa turudi kwa samaki. Chewa wa bahari ya baridi hutundikwa juu ya miti, upepo wa baridi unamkausha mpaka awe mgumu kama ukuni. Kabla ya karne ya 16 Norwe ilikuwa nchi ya Wakatoliki, na samaki huyo alikuwa chakula cha siku za mfungo katika Ulaya yote. Wachuuzi wa Bergen walitajirika kwake. Ili kumlainisha, mama wa nyumba alimloweka siku kadhaa katika maji safi, halafu katika maji makali ya majivu ya kuni, yale yale ambayo watu wengi wa zamani waliyatumia kwa kupika sabuni. Samaki anavimba, anakuwa laini na kutetemeka. Hapo asiliwe bado! Analowekwa tena siku nyingi katika maji safi, yanayobadilishwa kila mara, ndipo ukali unatoka. Anachemshwa kidogo, na kuliwa na siagi iliyoyeyushwa. Jina lake ni lutefisk. Harufu yake inajulikana kabla ya kufungua mlango, na vijiko vya fedha anavitia weusi.

Pamoja naye huliwa lefse, mfano wa chapati nyembamba sana, ya viazi vya Ulaya vilivyopondwa na kukandwa na siagi na unga wa ngano. Husukumwa kwa mti wenye mifuo, hugeuzwa juu ya chuma kwa fimbo ndefu iliyo bapa. Kazi hii haifundishwi kwa maneno. Bibi huweka mikono yake juu ya mikono ya mjukuu, basi.

Na ilikuwa heri kwamba haihitaji maneno, kwa maana maneno yalipotea. Mwanzoni Wanorwe walisali Kinorwe katika makanisa yao ya Kilutheri, wakajenga shule zao, Luther College mwaka 1861 na St. Olaf mwaka 1874, na huko Decorah, Iowa, wakachapa gazeti lao Decorah-Posten. Halafu vita vikuu vya kwanza vikaja. Hasira ilikuwa juu ya Wajerumani, lakini tarehe 23 Mei 1918 gavana wa Iowa, William Harding, alikataza lugha yo yote isiyo Kiingereza shuleni, katika treni, katika simu, na hata kanisani. Amri haikumaliza mwaka, lakini woga ulibaki. Wazazi wakaanza kusema Kiingereza na watoto wao. Mwaka 1946 kanisa lao kubwa lilifuta neno «Norwe» katika jina lake, na mwaka 1972 Decorah-Posten lilikoma. Mjukuu hakuelewa tena sala ya bibi yake.

Waswidi nao walishika kitu kingine. Mwezi wa Desemba, mjini Lindsborg, Kansas, msichana huvaa taji la mishumaa kwa heshima ya Mtakatifu Lusia, mfiadini wa Sirakuza. Ajabu, sivyo? Walutheri hawa hawakumwacha mtakatifu wetu.

Samaki wa majivu alikuwa chakula cha wakulima na wavuvi. Leo wajukuu hawamli kila siku. Toka Oktoba mpaka karibu na Noeli, katika parokia nyingi za Minnesota na Wisconsin, watu hushuka katika chumba cha chini ya kanisa. Wanaume husimamia masufuria, wanawake hukunja lefse, na fedha husaidia parokia. Wengi wa walao hapo hawajui neno la Kinorwe ila majina ya vyakula. Na kando ya samaki huwekwa sahani ya nyama ya kusaga iliyoviringwa, kwa ajili ya wakwe na wageni wasioweza kuvumilia harufu ile.