Mbawakawa wa Kaharabu na Chembe 62 za Chavua

Angimordella burmitina ni mbawakawa mdogo wa familia ya Mordellidae aliyenaswa na utomvu wa mti miaka milioni 99 hivi iliyopita, zama za dinosaria. Utomvu ukaganda, ukafukiwa, ukageuka kaharabu, hata ulipochimbuliwa mwaka 2012 kaskazini mwa Myanmar. Mwenye kuijua sandarusi ya pwani, iliyouzwa kwa wingi Zanzibar katika karne ya 19, hatashangaa: nayo ni utomvu wa ardhini wenye wadudu ndani, ila bado ni changa mno kuitwa kaharabu.

Umri wa kaharabu hiyo ulipatikana kwa kupima fuwele za zirkoni za mwamba ulioizunguka, kwa kuwa urani iliyomo hugeuka risasi kwa mwendo unaojulikana.

Jamaa za mbawakawa huyo wapo hata leo. Hukaa mauani, na wakishtuliwa hupindukapinduka kwa nguvu za miguu minene ya nyuma. Yule wa Myanmar alikuwa na mapaja ya namna hiyohiyo, lakini si hayo yaliyompa sifa. Sifa ilitokana na vumbi lililomshika mwilini, ambalo kwa hadubini ya kawaida lilikuwa vigumu kuonekana katikati ya vinyweleo vyake. Tong Bao na Bo Wang, watafiti wa Nanjing nchini China, pamoja na wenzao walimmulika kwa leza. Chavua ikang'aa, gamba likabaki jeusi. Chembe zikawa 62. David Dilcher wa Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, alizichunguza maumbile yake: zina mifereji mitatu, alama ya mimea ya maua ya kundi la yudikoti. Ukubwa wake, nakshi zake na jinsi zilivyoshikamana vinaonyesha chavua ya kubebwa na wadudu, si ya kupeperushwa na upepo.

Matokeo yalichapishwa Novemba 2019 katika jarida la PNAS. Ushahidi wa moja kwa moja wa wadudu kuchavusha maua ukarudi nyuma takriban miaka milioni 50 kwa mkupuo mmoja.

Hata hivyo, huenda kazi yenyewe iliyatangulia maua. Mwaka 2018 kaharabu ya Myanmar ilikuwa imekwisha kumfichua mbawakawa mwingine, Cretoparacucujus cycadophilus, akiwa na chavua ya saikadi, mmea wa kale unaozaa mbegu bila kuchanua ua.