Kamera Inapochuchumaa

Sisi watu wa redio tuna nafuu moja: uso hauonekani. Zamani kidogo, katika harusi ya binamu yangu, kijana wa video alichuchumaa mbele ya meza niliyokuwa nakula pilau. Tulipoitazama kanda nyumbani, mimi nilikuwa matundu mawili ya pua na kidevu juu ya kidevu. Wanangu waliirudisha mara tatu. Nikanuna.

Husemwa kwamba kamera ikitazama kutoka chini humtukuza mtu. Hiyo ni nusu ya habari. Orson Welles, Mmarekani, alikuwa na miaka 25 tu alipotengeneza filamu ya Citizen Kane, iliyotoka mwaka 1941. Alitaka kamera ikae chini mno, hata yeye na mpiga picha wake, Gregg Toland, wakatoboa sakafu ya studio. Kwa kuwa sasa dari ingeonekana, walitandaza kitambaa cha melimeli, na vipaza sauti wakavificha juu yake. Kane, aliyechezwa na Welles mwenyewe, anasimama kama mnara. Lakini tazama ni lini: ndiyo kwanza ameshindwa uchaguzi! Ukubwa wote ule hauna pa kwenda.

Mwaka 1958 ikatoka Touch of Evil. Welles ndiye mwongozaji tena, naye anacheza Hank Quinlan, kapteni wa polisi mpakani mwa Marekani na Mexico, mtu wa kuwabambikia watu ushahidi. Alivaa nguo zilizojazwa ili aonekane amevimba. Kamera iko chini vilevile, ila safari hii imesogea karibu, na lenzi ni pana. Lenzi hiyo hukikuza kilicho karibu na kukifukuza kilicho nyuma. Basi kitambi na kidevu huja mbele, macho yakabaki huko juu, madogo. Si mnara tena, ni jipu.

Wachekeshaji nao hupiga hesabu hiyohiyo. Terry Gilliam, aliyeongoza Brazil mwaka 1985, aliipenda lenzi ya milimita 14 hata mafundi wakaiita kwa jina lake.

Ninachompendea Welles ni hiki: aliyeichuchumaza kamera ni yeye, na aliyeumbuka ni yeye. Wengine hatuulizwi. Mimi hata ningeulizwa nisingejibu. Mdomo ulikuwa umejaa pilau.