Kamati ya Nyumba na Pumzi ya Watu

Kuishi pamoja si jambo geni kwa yeyote aliyepata kulala bwenini. Kitanda ni chako, lakini bomba la maji, meza ya chakula na utulivu wa usiku ni vya wote. Hapana budi pawepo kiranja na orodha ya zamu. Lakini huyo kiranja akipotoka, nani atamwambia?

Warusi walilijibu swali hilo kwa kicheko. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917, nyumba nyingi kubwa za mijini ziligawanywa: familia moja ikapewa chumba kimoja, jiko na choo vikawa vya familia kadha wa kadha. Kila nyumba ikawa na kamati. Mwaka 1925 Mikhail Bulgakov, daktari aliyegeuka mwandishi, aliandika hadithi ya "Moyo wa Mbwa". Mwaka uliofuata polisi wa siri waliuchukua mswada wake. Alifariki mwaka 1940 bila kuiona hadithi hiyo imechapwa. Ilichapwa nchini mwake mwaka 1987, na mwaka 1988 Vladimir Bortko akaifanya filamu.

Katika filamu hiyo, profesa mmoja wa upasuaji anakaa katika vyumba saba mjini Moscow. Mwenyekiti wa kamati ya nyumba, Shvonder, anakuja na wenzake kumtaka aachie viwili; kula, wanamwambia, ataweza kula chumbani mwa kulala. Profesa anampigia simu mkubwa mmoja anayemtibu, na shauri linakwisha pale pale. Kisha anampasua mbwa wa mitaani na kumtia kiungo cha ubongo wa binadamu. Mbwa anageuka mtu, mlevi na mwenye matusi. Kamati haiulizi ametoka wapi wala ana tabia gani. Inampatia hati, na kwa hati hiyo anadai sehemu yake ya nyumba. Baadaye anapewa hata cheo cha kuongoza kazi ya kuwaondoa paka mjini.

Tuangalie vizuri hapo. Bulgakov hamcheki Shvonder peke yake. Hata profesa hakuokolewa na haki. Aliokolewa na simu. Mahali ambapo karatasi ni kubwa kuliko mtu, mnyonge asiye na mkubwa wa kumpigia simu afanyeje?

Sisi nasi tumepita njia inayokaribiana na hiyo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 watu waliitwa waishi na kufanya kazi pamoja kwa hiari. Novemba 1973 ikatoka amri kwamba kufikia mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe anakaa kijijini. Katika sehemu zenye watu wengi na migomba kama Rungwe, wengi hawakuhamishwa mbali, bali makazi yao yaliandikishwa kuwa vijiji. Kwingineko watu walihamishwa kwa nguvu. Wakati huo huo vyombo vya kusemea vilipungua: halmashauri za wilaya zilivunjwa mwaka 1972, na vyama vikuu vya ushirika mwaka 1976. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuvunja vyombo hivyo lilikuwa kosa.

Kicheko chetu nacho kilichelewa. Euphrase Kezilahabi aliandika tamthilia ya "Kaptula la Marx" mwishoni mwa miaka ya 1970. Humo Rais Kapera na mawaziri wake wanasafiri kuitafuta nchi ya Usawa, na kaptula lenyewe halimkai mvaaji. Tamthilia hiyo ilichapwa mwaka 1999, wakati safari iliyochekwa ilikuwa imekwisha.

Wazee wetu wa Rungwe walikuwa na dawa ya jambo hili. Mvulana wa Kinyakyusa alipofika miaka kumi au kumi na moja, aliondoka kwa baba yake akajenga na rika lake. Walikula kwa makundi, leo kwa mama huyu, kesho kwa yule. Walipooa, walikaa na wake zao hapo hapo. Monica Wilson, aliyefanya utafiti huku katika miaka ya 1930, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1951 kwamba nguzo ya vijiji hivyo ilikuwa ukwangala, yaani raha ya kukaa na kuzungumza na wenzako. Tena palikuwa na pumzi ya watu. Majirani wakinung'unika juu ya mkosaji, iliaminika kwamba pumzi yao humpiga kwa baridi na homa, hata awe chifu. Vijiji vya rika vilififia ardhi ilipokuwa haba na kahawa ilipoifanya kuwa mali ya kurithishana. Lakini funzo limebaki: aliyeongoza alilazimika kuusikia mnung'uniko wa waliokaa naye.

Bulgakov na Kezilahabi walikuwa pumzi hiyo, ila ilifungiwa isitoke. Ndugu wanafunzi mlioko shuleni leo, mnayo baraza, midahalo na magazeti ya ukutani. Vitumieni kwa adabu na kwa ukweli. Nanyi viranja, mkichekwa msikimbilie kumtafuta aliyecheka. Tazameni kwanza kama kaptula inawakaa.