Kifafa cha Mahenge na Damu ya Ubongo

Mtu akishuka kutoka nyanda za Njombe, tuseme kutoka Mawengi au Makambako, akalivuka bonde la Kilombero, hufikia milima ya Mahenge, nchi ya Wapogoro. Huko kifafa kimejulikana tangu zamani, na katika jina lenyewe msikiaji hulisikia neno kufa. Wengi waliamini kwamba mate ya mgonjwa huambukiza. Kwa hiyo alipoanguka, hata ikiwa ni motoni, waliokuwa karibu walirudi nyuma.

Wataalamu wa Ulaya nao walikuwa na dhana yao. Mwaka 1857 Kussmaul na Tenner walionyesha kwamba mnyama aliyenyimwa damu ya ubongo hushikwa na mitukutiko, na wengi wakakata shauri kuwa kifafa chochote ni upungufu wa damu kichwani. Dhana hiyo si ya kuchekwa, kwani mgonjwa hukakamaa, pumzi ikazuilika, midomo ikageuka rangi; nani asingesema kwamba ubongo unakosa hewa?

Lakini katika miaka ya 1930 Wilder Penfield, mpasuaji wa Montreal, aliutazama ubongo wenyewe uliofunuliwa, akaona kinyume. Wakati wa shambulio damu haikupungua, bali iliongezeka, hata ile iliyokuwa ikirudi katika vena ilikuwa nyekundu kama ya ateri. Ubongo, ambao ni kama sehemu 2 katika 100 za uzito wa mwili, hutumia kiasi cha sehemu 20 katika 100 za oksijeni yote hata mtu akiwa ametulia. Seli zake zikifyatuka pamoja, matumizi hayo huzidi mno, na damu hukimbilia kuyatosheleza.

Basi madhara yatoka wapi? Mwaka 1973 Brian Meldrum na wenzake walitangaza habari za nyani waliolegezwa misuli na kupulizwa hewa kwa mashine, wasipungukiwe na oksijeni. Mashambulio yalipoendelea kwa saa nyingi, madhara yalipungua, lakini baadhi ya seli za ubongo zilikufa vilevile. Siku hizi inafahamika kwamba seli iliyochochewa kupita kiasi hujaa kalisiamu, na mitokondria zake, katika kuichoma oksijeni kwa pupa, huzaa chembe kali zinazoyala mafuta ya kuta zake, mfano wa kutu katika chuma. Hewa ileile inayoiponya seli huiunguza. Tena shambulio likipita nusu saa hivi, shinikizo la damu hushuka, na hapo upungufu wa kweli huanza. Hatari, basi, hukua pamoja na muda.

Ndiyo maana kliniki ya kifafa aliyoifungua Mahenge mwaka 1960 Louise Jilek-Aall, daktari mzaliwa wa Norway, ina uzito katika historia hii. Dawa yake kubwa ilikuwa fenobabitoni, iliyojulikana kuzuia kifafa tangu 1912: dawa rahisi, ila humezwa kila siku, na ikikatizwa ghafula yaweza kuleta shambulio lisilokoma. Kwa mgonjwa wa kijiji cha mbali, kopo tupu si usumbufu mdogo.

Mwaka 1992 Jilek-Aall na Rwiza walitoa hesabu ya wagonjwa 164 wa kliniki hiyo baada ya miaka 30. Waliokwisha kufa walikuwa 110, na zaidi ya nusu ya vifo vilihusiana na kifafa chenyewe: maji, moto, na mashambulio yaliyofuatana bila kukoma.