Kurejeshana, si kubadilishana

Mtuhumiwa akitoroka Musoma au Bunda na kuvukia Kenya kupitia Sirari, mara nyingi husikika kwamba Tanzania na Kenya zina utaratibu wa "kubadilishana wahalifu". Maneno yote mawili yanapotosha.

Kubadilishana ni kutoa kitu upate kingine, kama samaki kwa unga wa mhogo. Mwaka 1982 Hezekiah Ochuka, kiongozi wa jaribio la mapinduzi nchini Kenya, alikimbilia Tanzania. Mwaka 1983 serikali ya Mwalimu Nyerere ilimkabidhi kwa Kenya, nayo Kenya ikawakabidhi Watanzania waliotuhumiwa kupanga mapinduzi kwao. Hapo neno kubadilishana lilisema kweli, na kweli hiyo inatisha: hatima ya mmoja ilipimwa kwa thamani ya mwingine. Ochuka alinyongwa mwaka 1987.

Sheria ya Tanzania ya mwaka 1965 kuhusu kumtoa mtuhumiwa kwa nchi nyingine inadai jambo jingine: ombi lifike kwa hakimu, ushahidi upimwe, na mtu asitolewe kwa kosa la kisiasa. Basi tuseme kurejeshana. Kiambishi -an- kinabeba usawa wa pande mbili: masharti ninayokuwekea ndiyo nitakayoyakubali, hata kama leo sina ninayemdai kwako.

Tena tuseme watuhumiwa. Mhalifu ni yule ambaye mahakama imemtia hatiani. Anayesubiri kesi ana haki ya kuitwa kwa neno lisilomhukumu, awe upande wowote wa mpaka.