Maji yanavyokula madaraja: kutoka Tsavo 1898 hadi Kaloleni yetu

Leo naweka kando habari za seva na programu huria, tuzungumze kuhusu madaraja. Msikimbie, mwishoni tutarudi kwenye kompyuta.

Kwanza niondoe utata. Kaloleni ninayoisema si ile ya Kilifi. Ni wadi ya Kaloleni hapa Voi, Kaunti ya Taita Taveta. Mto Voi unashuka kutoka milima ya Taita, unapita mjini, kisha unaingia mbuga ya Tsavo Mashariki kuelekea Aruba, ambako bwawa lilijengwa mwaka 1952. Miezi mingi ya mwaka utaona mchanga tu, na mbuzi wakikatiza. Mvua ikinyesha milimani, maji hufika kwa kishindo hata kama hapa mjini jua linawaka. Baada ya siku moja au mbili mchanga umerudi, na daraja liko palepale. Kila mtu anaendelea na shughuli zake.

Swali langu ni hili: nani anajua kilichotokea chini ya ule mchanga?

Turudi nyuma kidogo. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Machi 1898 J. H. Patterson alifika kusimamia daraja la mto Tsavo. Wote tunajua habari za simba wawili waliokula wafanyakazi hadi kazi ikasimama. Simba waliuawa Desemba 1898 na daraja likakamilika mapema 1899. Kinachosahauliwa ni mto wenyewe. Mafuriko yalikuja na kuzoa madaraja ya muda yaliyojengwa kwa ajili ya kubebea mawe, lakini nguzo za mawe za daraja la kudumu zikasimama. Simba wakapata vitabu na filamu, mto haukupata kitu.

Wahandisi wa enzi hizo hawakuwa na kanuni iliyokubalika ya kukokotoa mto utachimba kina gani. Mwaka 1930 Gerald Lacey, mhandisi wa mifereji ya India, alitoa kanuni yake inayounganisha wingi wa maji, ukubwa wa chembe za mchanga na kina cha mto. Wakati huo madaraja ya reli yetu yalikuwa yameshatumika miaka thelathini.

Sasa njooni Januari 1993. Mwishoni mwa mwezi huo mafuriko ya ghafla yaliharibu daraja la reli kwenye mto Ngai Ndethya, karibu na Mtito Andei. Daraja lilikuwa la mwaka 1898. Usiku treni ya abiria ya njia ya Nairobi na Mombasa ikafika pale, ikatumbukia mtoni. Zaidi ya watu 100 walikufa. Mto huo si Nile wala Tana. Ni mto wa msimu kama huu wetu, ambao siku ya kawaida unauvuka kwa miguu bila kulowa.

Basi maji yanafanyaje kazi hii? Mkondo ukigonga nguzo hauishii kuzunguka pembeni tu. Sehemu yake hupiga mbizi kwenda chini, ikifika sakafu ya mto hujizungusha kama kamba na kufukua mchanga mbele ya nguzo. Hapo pana shimo la kwanza. La pili hutokana na daraja fupi: mto mpana ukibanwa kupita kwenye upenyo mdogo, maji huongeza kasi na kula sakafu yote. La tatu ni mto mzima kushuka polepole, mwaka baada ya mwaka.

Ubaya ni huu. Shimo huwa refu zaidi mafuriko yakiwa kileleni, wakati hakuna mtu anayeweza kusogea karibu. Maji yakipungua, mchanga mpya hulijaza. Mkaguzi akija wiki ijayo ataona sakafu tambarare na kuandika kwamba hali ni nzuri. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa huu hujifunika wenyewe.

Wamarekani walijifunza kwa uchungu. Tarehe 5 Aprili 1987 daraja la barabara kuu juu ya Schoharie Creek, jimbo la New York, lilianguka na watu 10 wakafa. Mawe ya kinga yaliyopangwa kuzunguka nguzo yalikuwa yamezolewa na maji kwa miaka, na hayakurudishwa. Baada ya hapo serikali yao iliagiza madaraja yote yaliyo juu ya maji yatathminiwe, na mwaka 1991 ukatoka mwongozo uitwao HEC-18.

Hapa ndipo mtunzi wa programu anapoamka usingizini. Kila daraja lilipewa alama moja kwenye hifadhidata ya taifa. Alama ya 8 ilimaanisha msingi uko salama. Alama ya 3 ilimaanisha daraja limo hatarini. Halafu kulikuwa na herufi U: msingi haujulikani. Niliipenda sana hiyo U. Sisi tunaoandika programu tunajua tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. "Hakuna hatari" na "hatujui" ni majibu mawili tofauti, na mfumo unaoyachanganya utaua watu siku moja.

Mwongozo huo una kanuni ya shimo la mbele ya nguzo. Kwa nguzo ya duara, maji yakiwa yanaigonga moja kwa moja, inakuwa takriban hivi:

shimo = 2.2 x a x (y/a)^0.35 x F^0.43

Hapo a ni upana wa nguzo, y ni kina cha maji, na F ni kasi ya maji ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha (9.81 x y). Nichukue mfano wa kubuni: nguzo ya mita 1.5, maji ya kina cha mita 3, kasi ya mita 3 kwa sekunde. Jibu ni shimo la mita 3.3 hivi. Sasa magogo na matawi yanase kwenye nguzo hadi iwe kama na upana wa mita 3. Shimo linafika mita 5.1. Maji ni yaleyale, daraja ni lilelile. Aliyeacha takataka za mafuriko yaliyopita kwenye nguzo ameongeza karibu mita mbili za shimo bila kushika jembe.

Na wanaoshika jembe wapo. Tarehe 4 Machi 2001 daraja la Hintze Ribeiro nchini Ureno lilianguka, basi na magari vikatumbukia mtoni Douro, watu 59 wakafa. Uchunguzi ulitaja miaka mingi ya kuchimba mchanga mtoni. Waziri aliyehusika alijiuzulu usiku uleule. Nikiona lori linapakia mchanga mtoni mkabala na daraja, nakumbuka Ureno. Vijana wanaochimba wanatafuta riziki, siwalaumu. Lakini mchanga huo ndio blanketi la msingi wa daraja, nao hauna mwenye kuuhesabu.

Je, tunahitaji mashine ghali? HEC-RAS, programu ya kuigiza mwendo wa mto iliyotolewa na wahandisi wa jeshi la Marekani mwaka 1995, inapatikana bure. Lakini kwa kuanzia inatosha kuwa na jedwali moja la madaraja na makalvati yote ya barabara zetu, kutoka barabara kuu ya Mombasa hadi ile ya Mwatate na Taveta, lenye safu hizi:

1. Michoro ya msingi ipo, au ni U?
2. Alama ya juu kabisa ya mafuriko ni ipi? Waulizeni wazee wa karibu, wanaikumbuka El Niño ya 1997.
3. Kutoka sakafu ya daraja hadi mchanga ni mita ngapi mwaka huu, na mwaka jana zilikuwa ngapi?
4. Kuna magogo kwenye nguzo?
5. Mchanga unachimbwa umbali gani?

Safu ya tatu inahitaji kamba, jiwe na mtu wa kurudi kila mwaka mahali palepale. Kipimo kimoja hakina maana kubwa. Vipimo kumi vinaonyesha mto unakoelekea, na kama unashuka, tutajua kabla ya basi la usiku.

Kwangu hiyo ndiyo programu yenye faida, hata ikiwa ni lahajedwali tu. Mwenye kamba ndefu anitafute kabla ya mvua za vuli.